Alasiri ya kwata ya kwanza

Mwaka 1971 nilikuwa karani wa hesabu katika shirika moja la umma jijini Dar es Salaam. Alasiri moja, baada ya saa za kazi, tulikusanywa sote, kuanzia meneja hadi tarishi, katika uwanja wa nyuma ulikokuwa ukiegeshwa malori, ili tuanze mafunzo ya mgambo. Tangazo lilikuwa limebandikwa na katibu wa tawi la TANU, chama tawala, la pale kazini, nalo halikutaja hiari wala lazima. Lilisema tu kwamba majina yataitwa.

Sababu ya kuitwa tuliijua. Mwezi Februari mwaka huo Halmashauri Kuu ya TANU ilikuwa imetoa Mwongozo, tamko la siasa ya Chama, na sehemu yake ya ulinzi iliandikwa wakati habari mbili zilikuwa bado mbichi. Tarehe 22 Novemba 1970 kikosi kilichoongozwa na Wareno kilikuwa kimeingia Conakry, mji mkuu wa Guinea, kwa njia ya bahari, kwa nia ya kumpindua Rais Sékou Touré na kuwakomesha wapigania uhuru wa Guinea-Bissau, koloni la Wareno, waliokuwa na makao yao pale. Kisha tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin akampindua Rais Milton Obote wa Uganda, na jirani yetu wa kaskazini akageuka kuwa mtu wa kuchungwa. Chama kiliamua kwamba ulinzi usiachiwe jeshi peke yake, bali wananchi wenyewe wafundishwe kutumia silaha, mijini na vijijini, chini ya uongozi wa Chama.

Sajini aliyetumwa na jeshi kutufundisha hakuanza na kwata. Alituketisha chini, akachukua kijiti, akachora mchangani ramani ya Conakry: rasi, bandari, ikulu, gereza. Akaeleza jinsi wavamizi walivyowatoa gerezani wenzao waliokuwa wametekwa, lakini wakashindwa kukiteka kituo cha redio, na jinsi wanamgambo wa Guinea walivyosaidia kuwarudisha baharini. Halafu, bila kuifuta ramani ile, akaanza kubadilisha majina. Pale penye ikulu ya Touré akasema ni Magogoni. Bandari ikawa yetu. Redio ikawa ile ya Barabara ya Pugu. Ng'ambo ya maji akachora kiwanda cha kusafishia mafuta cha Kigamboni. Nilikuwa nimezaliwa na kukulia katika mji ule, lakini sikuwahi kuutazama kwa jicho la mtu anayeukaribia usiku kwa mashua. Mji wetu nao ulikuwa na wageni ambao Wareno waliwawinda: FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na ofisi yao hapa, na miaka miwili tu nyuma kiongozi wao, Eduardo Mondlane, alikuwa ameuawa humu humu kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu.

Mhasibu wetu mkuu, mtu asiyeficha neno, akanyoosha mkono. "Afande, jeshi tunalo na tunalilipa mishahara. Makarani watafaa nini?"

"Ndugu, hebu wewe mwenye hesabu uniambie," sajini akajibu. "Mpaka wa Msumbiji, wa Uganda, pwani yote kutoka Tanga hadi Mtwara, na ziwa. Mshahara wa askari wa kutosha kote huko utautoa fungu gani?"

Tulicheka, na mhasibu akacheka pia. Jibu lile lilikuwa la kweli, ingawa nusu ya pili haikusemwa na wala hakuna aliyeiuliza. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, na Mwalimu Nyerere akalazimika kuwaomba Waingereza, waliotoka kututawala juzi tu, waje kuuzima uasi. Jeshi lile lilivunjwa, na Septemba mwaka huo likaundwa jeshi jipya, JWTZ, ambalo askari wake waliruhusiwa kuwa wanachama wa TANU. Kwa maoni yangu, raia wengi wenye mafunzo ya silaha walikuwa ulinzi dhidi ya adui wa nje, na pia kinga ya serikali dhidi ya bunduki za watu wake yenyewe. Nchi maskini iliyoonja uasi haiwezi kupanga ulinzi kana kwamba hatari hutoka upande mmoja tu.

Kisha ikaja kwata, kwa bunduki za mbao. Sajini aliuliza nani amepita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na aliyesimama katika kundi letu alikuwa tarishi, kijana wa miaka ishirini na kitu. Akafanywa kiongozi wa kundi. Meneja, mwenye viatu vya ngozi vilivyong'aa, alikuwa safu ya mbele, na kijana akashindwa kabisa kutoa sauti.

"Hapa hakuna mzee wala bosi, kuna kuruta tu," sajini alifoka.

Meneja ndiye aliyemwokoa. "Toa amri, kijana. Nakusikiliza."

"Mguu sawa!" Tukatii, meneja akiwa wa kwanza, na tukaendelea hadi jua lilipozama. Kesho yake asubuhi, nilivyotarajia, kijana yule alitumwa chai kama kawaida.

Si wote walioendelea. Wengine walihudhuria kwa ajili ya daftari la mahudhurio tu, na leo vijana wakisikia neno mgambo huwafikiria wanaofukuzana na wamachinga. Hata hivyo, Amin alipoivamia Kagera mwishoni mwa 1978, majina ya waliohitimu mafunzo tayari yalikuwa kwenye orodha za Chama, na wanamgambo waliitwa kwa maelfu kujazia jeshi. Tarishi wetu alikwenda Kagera. Meneja, ambaye umri ulikuwa umempita, alipewa kazi ya kukusanya michango ya askari, na alikuja mezani kwangu na daftari kudai wa kwangu.