Haya basi

Wiki hii mambo yamekuwa mengi, mkataba umeongezwa mwaka mzima alhamdulillah, harusi ya Rehema imepita nikaiona kwa video tu nikiwa huku Sutherland, Afrika Kusini, kwenye kituo cha darubini, kwenye baridi, seva mpya nayo imefika, ila kichwani mwangu kuna "haya basi" tu.

Ni yule dada wa Kisumu anayefanya PhD. Alikuwa na zamu kwenye darubini ya mita 1.9, anasubiri jiwe moja la mbali kabisa, kule nje ya Neptune, lipite mbele ya nyota. Jambo lenyewe ni la sekunde chache, nyota inazimika inarudi, imeisha hiyo. Sasa kivuli cha jiwe kama hilo kinaweza kuikata dunia kwa zaidi ya kilomita 20 kwa sekunde, kwa hiyo saa ya kompyuta ikikosea sekunde moja tu vipimo vyake havikai pamoja na vya wenzake waliokuwa Namibia usiku uleule. Pete za Chariklo, jiwe jingine linalozunguka jua, zilionekana hivihivi mwaka 2013, nyota ilififia kidogo kabla na kidogo baada ya jiwe lenyewe kuifunika, kamera za taratibu zisingeweza kuzitenganisha.

Ndo maana SHOC, kamera yetu ya kasi, inafuata saa ya GPS, kila picha na muda wake. Kuhakikisha GPS imeshika setilaiti na mafaili yanaingia kwenye diski ni kazi yetu sisi wa kompyuta.

Akageuka. "Mdogo wangu, saa iko sawa?"

"Iko sawa, dada."

"Haya basi." Akavuta glovu, akarudi kwenye chati yake.

Hakuomba kuona skrini! Wengi huomba, na wana haki kabisa, lakini yeye alinitazama mimi, akatosheka. Siku nzima iliyofuata nilikuwa natabasamu peke yangu nikivuta nyaya, nikijisemea haya basi, haya basi.

Jana usiku furaha ikageuka. Nikawa nawaza vile alivyosema, kama alikuwa na uhakika au alikuwa amechoka tu, nikaamka nikafungua logi nikapitia muda wa picha moja moja, zote sawa, hakuna iliyoruka. Usingizi bado ukagoma. Miaka yake yote ya kusoma usiku ule ilining'inia kwenye waya wa antena pale juu ya paa, na waya ule nimeufunga mimi kwa mikono yangu. Mpaka sasa nikilisikia lile "haya basi" sijui nicheke au nipande tena kuukagua.

Halafu mama kabadilishiwa dawa za presha. Anasema za zamani zilikuwa nyekundu na hizi ni nyeupe, nikimuuliza daktari kasemaje anahamia kwenye habari za kuku, na ninavyomjua anaweza kuwa anameza zote mbili.