Kumbukumbu ya mradi: chupa ya mafuta juu ya mizani

Mradi wa kupunguza uzito unaendelea, na sharti ni lile lile: kila kinachopita mdomoni kinaandikwa. Safari hii nimekomaa na mafuta ya kupikia, maana hapo ndipo hesabu huvuja bila mtu kukusudia.

Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati ya wanga au protini ina 4. Kijiko kikubwa kimoja ni kama kalori 120, na yakishaingia kwenye mchuzi huyaoni tena. Kwa hiyo sikisii. Naweka chupa kwenye mizani kabla ya kupika, nikimaliza naipima tena. Jana ilianza na gramu 812, ikabaki 774. Zimetumika 38, mara 9, kalori 342. Chakula kilipoiva nikapima sufuria, nikatoa uzito wake ikiwa tupu, kisha nikapima nilichopakua. Ilikuwa robo, basi kwenye daftari zikaingia kalori 85 za mafuta peke yake.

Mchele naupima mkavu. Gramu 100 za mchele zina kalori kama 360, ila gramu 100 za wali ni kama 130 tu, kwa sababu ya maji. Ukipima mchele halafu ukaandika hesabu ya wali, nusu ya chakula chako na zaidi imepotea kwenye karatasi.

Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na bado hawapungui. Walipopimwa, miili yao ilikuwa inatumia nishati kama kawaida. Walichoripoti kula kilikuwa pungufu kwa wastani wa asilimia 47, na mazoezi waliyazidisha kwa asilimia 51. Mimi siwaiti waongo hata kidogo. Mtu anaonja, anamalizia mabaki ya mtoto, anakunywa kitu chenye sukari, na jioni akiulizwa anakumbuka milo mitatu.

Ndiyo maana naandika kabla ya kula, si usiku. Kuonja kunaandikwa. Siku ya sherehe inaandikwa yote, hata kwa makadirio, na kesho yake sijinyimi ili kulipa deni.

Uzito napima asubuhi, ila nafuata wastani wa wiki. Chumvi na wanga huvuta maji, na kilo moja inaweza kuongezeka kwa usiku mmoja. Kilo ya mafuta ya mwili ni karibu kalori 7,700. Hizo haziji kwa chakula cha jioni kimoja.

Kinachofuata ni kupima sufuria na mabakuli yote yakiwa matupu na kuandika uzito wa kila kimoja kwenye kitako chake kwa kalamu isiyofutika. Baada ya hapo nahamia kwenye vinywaji.