Mhazini Nyuma ya Kamera

Sikupewa kazi ya kamera kwa sababu naijua kamera. Nilipewa kwa sababu nilikuwa mhazini wa kanisa, na katika kamati nzima mhazini ndiye aliyekuwa na kompyuta ya mkononi isiyozimika yenyewe. Ilikuwa Machi 2020. Tarehe 11 ya mwezi huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa Uviko-19 ni janga la dunia, na haikupita muda milango yetu ikafungwa. Mchungaji alinipigia usiku.

"Mhazini, Jumapili tunaabudu vipi?"

"Tutarusha mtandaoni, Mchungaji."

Nilipokata simu ndipo nilipoanza kujiuliza inarushwaje.

Jumapili ya kwanza tulikuwa watu watatu ndani ya jengo tupu: mchungaji, mpiga kinanda na mimi. Simu niliisimamisha juu ya rundo la vitabu vya nyimbo. Picha iliganda mchungaji akiwa amefumba jicho moja, ikabaki hivyo dakika nzima huku sauti ikiendelea. Nikajifunza baadaye kwamba mtu akinunua intaneti huambiwa kasi ya kupakua, ile ya kuangalizia video. Anayerusha anahitaji kasi ya kupakia, na mara nyingi hiyo ndiyo ndogo. Kwa picha ya 720p, yaani ya ubora wa wastani, unahitaji kama Mbps (megabiti kwa sekunde) 3 hadi 4 za kupakia zisizoyumba, na waya uliochomekwa kwenye kompyuta ni bora kuliko Wi-Fi hata kama alama ya Wi-Fi inaonyesha mawimbi yamejaa. Waya wetu uliishia kupita katikati ya madhabahu. Waliokuwa wamezoea utulivu wa mahali pale walinuna, nami nikajifariji kwa kisa cha tarehe 2 Januari 1921, redio KDKA ilipotangaza ibada kutoka kanisa la Calvary huko Pittsburgh, Marekani, ibada ya kwanza kurushwa redioni. Inasimuliwa kwamba mafundi wa mitambo walivishwa majoho ya kwaya ili wasiwavurugie waumini. Wazo la joho nililipeleka kwenye kamati. Lilikataliwa.

Mambo ya mitambo nisiyarefushe, ila mawili. La kwanza ni kuchelewa. Matangazo ya mubashara hufika kwa mtazamaji yakiwa yamechelewa sekunde kadhaa, wakati mwingine nusu dakika. Mchungaji anasema "Bwana asifiwe!", anangoja, kimya. Anaingia kwenye mahubiri, na hapo ndipo "Amina" zinapoanza kumiminika kwenye sehemu ya maoni, zikijibu kitu ambacho yeye ameshakisahau. Ilimchosha sana. Tulichofanya ni kumwomba aache kungoja, na mtu mmoja akae na simu pembeni, kila baada ya muda amsomee majina ya walioandika. Kusomewa majina kulimrudishia nguvu kuliko spika yoyote ningemnunulia.

La pili ni sauti. Milango ilipofunguliwa nusu na watu wachache wakaruhusiwa kuingia, walioko nyumbani walilalamika kwamba mchungaji anasikika kama amejifungia kwenye tangi. Sababu ilikuwa rahisi: sauti tuliyorusha ilitoka kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, na kwenye mikisa kulikuwa na mikrofoni za mchungaji na waimbaji tu. Kusanyiko halikuwa na mikrofoni. Nikafunga moja ikiwaelekea watu, iokote vikohozi, viti vinavyoburutwa, watoto, na ule uimbaji usiopangwa wa watu wengi. Juma lile lile nikaandikiwa na mama mmoja kwamba leo kwa mara ya kwanza ameimba kwa sauti akiwa peke yake chumbani. Kabla ya hapo, alisema, aliona aibu kama anaimbia televisheni.

Kwa muda mrefu nilidhani nimefaulu kwa sababu namba zilikuwa kubwa. Nilizipeleka kwenye kikao nikiwa nimezikoleza wino. Kisha nikasoma jinsi zinavyohesabiwa: Facebook iliweza kuhesabu mtazamo hata kwa mtu aliyetazama sekunde 3. Sekunde 3 hazitoshi hata kukohoa. Bado ningeendelea kujidanganya, kama si bibi mmoja, mjane, aliyenipigia Jumatatu. Alisalimu, akauliza habari za nyumbani kwangu, akashukuru kwa kazi, halafu akasema: "Ila mwanangu, mimi ibada naiona. Ibada hainioni."

Niliiandika sentensi hiyo kwenye daftari la hesabu, ukurasa wa mapato. Bado ipo.

Tulikuwa tumetengeneza watazamaji. Kanisani mtu akikosekana Jumapili mbili, jirani yake wa benchi anauliza. Mtandaoni anakosekana miezi na hakuna anayejua, kwa sababu kiti chake hakionekani. Kwa hiyo tukaanza kutafuta namna ya kuona viti vitupu. Tuliwagawa waumini wote, wa karibu na wa mbali, katika vikundi vya watu kumi hadi kumi na wawili, kila kikundi na kiongozi mwenye kazi moja tu ya lazima: kumpigia kila mtu wake mara moja kwa juma. Kumpigia, si kumtumia ujumbe. Nusu saa kabla ya ibada tulifungua mkutano wa video ambao hauna mhubiri wala ratiba, watu wanaingia wanasalimiana tu. Baada ya ibada vikundi vinakutana. Tulitumia Zoom ya bure, ambayo mkutano wa watu wengi hukatika ukifika dakika 40, na nakiri kwamba kukatika huko kulitusaidia, maana wapo ndugu wanaoweza kuomba kwa dakika 40 peke yao.

Kuimba pamoja kwenye video tulijaribu mara moja. Sauti hufika kwa nyakati tofauti, na programu yenyewe huchagua anayesikika zaidi na kuwafifisha wengine. Ilikuwa fujo ya ajabu. Tangu hapo anaimba mmoja, wengine wanazima mikrofoni na kuimba makwao.

Sasa pesa, ambako nilikosea vibaya zaidi.

Sadaka ilikuwa inapita kwenye kikapu. Kikapu kikakoma. Kwa haraka ya juma la kwanza niliweka kwenye skrini namba yangu mwenyewe ya simu ili watu watume sadaka. Sikuwa na nia mbaya, kulikuwa tu hakuna njia nyingine iliyokuwa tayari. Pesa zikaanza kuingia. Fungu la kumi, shukrani, mchango wa ujenzi, na shemeji yangu aliyekuwa ananirudishia deni, vyote kwenye salio moja. Nilikaa usiku na kalamu nikitenganisha cha Bwana na cha shemeji. Wiki ya tano, mzee mmoja wa kanisa aliinua mkono kikaoni, akasema kwa upole mno: "Mhazini, mimi nakuamini kabisa. Nauliza tu kwa niaba ya wasiokuamini."

Niliumia. Nilirudi nyumbani nikiwa na hotuba nzima kichwani ya kujitetea. Nikafungua 2 Wakorintho 8, kwa kuwa ndiyo sura ninayoisoma kila mwaka kwenye mkutano wa bajeti, na safari hii nikakwama kwenye mistari ya 20 na 21 ambayo huwa naipita mbio. Paulo anapeleka changizo kubwa, na anasema anasafiri na wenzake ili mtu asije akamlaumu juu ya karama hiyo, kwa kuwa anaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kama Paulo alihitaji mashahidi, mimi ni nani? Hotuba ikaishia hapo.

Ndani ya majuma mawili tukawa na akaunti kwa jina la kanisa, watia saini wawili wasio wa familia moja, na namba ya kupokelea iliyofungwa kwenye akaunti hiyo. Kila anayetuma aliombwa aandike neno moja kwenye maelezo: fungu, shukrani, au msaada. Kila Jumatatu watu wawili wanaichukua taarifa ya benki na kuilinganisha na daftari, mmoja anasoma, mwingine anatia tiki. Na kila mwisho wa mwezi taarifa inasomwa ndani ya ibada, mubashara, kama dakika 4: kilichoingia, kilichotoka, kilienda wapi. Majina ya watoaji hayasomwi wala viwango vyao. Nilishauriwa tusome majina "ili kuwatia moyo". Nilikataa, na ningekataa tena leo. Anayetoa kidogo akisikia orodha ya wanaotoa kingi, mwezi unaofuata hatoi.

Nilichosoma badala yake ni idadi ya waliotoa. Na hiyo ndiyo namba iliyonifundisha jambo ambalo ule mtazamo wa sekunde 3 haukuweza. Jumla ya pesa ilipanda na kushuka. Idadi ya watoaji ilipanda pole pole tu, hasa baada ya kuanzisha mfuko wa kusaidiana. Huo ulikuwa mfuko mdogo pembeni ya sadaka za kawaida, kwa ajili ya muumini aliyepoteza kazi, aliyefiwa, au aliyeuguliwa. Kiongozi wa kikundi ndiye analeta haja, watu watatu wanaamua ndani ya siku mbili, jina la mpokeaji halitangazwi. Kwenye taarifa tunasema tu: mwezi huu tumezifikia nyumba kadhaa, mbili kwa kodi, moja kwa dawa. Asiye na pesa huchangia muda: kuna kijana aliyechukua zamu ya kuwapigia wazee watano kila Jumatano na kuwasomea Zaburi, nasi tukaiandika zamu hiyo kwenye taarifa ya mwezi pamoja na pesa. Mkaguzi wetu aliguna, akapitisha.

Watu walioanza kutoa kwenye mfuko huo walianza pia kuonekana kwenye vikundi. Nilitegemea iwe kinyume, kwamba mtu hujisikia wa nyumbani kwanza ndipo atoe. Kwa wengi wetu ilianzia kwenye kutoa. Mchungaji hakushangaa. Aliniambia kwamba katika Warumi 15:26, pale Paulo anapoeleza changizo la Makedonia na Akaya kwa maskini wa Yerusalemu, neno la Kiyunani ni koinonia, lile lile linalotafsiriwa kwingine kuwa ushirika. Watu wa Makedonia wengi wao hawakuwahi kuiona Yerusalemu. Walisikia habari, wakatuma, na huko kutuma kukaitwa ushirika. Nimekuwa mhazini miaka mingi nikidhani ushirika ni idara ya mchungaji na changizo ni idara yangu.

Yapo yaliyotuharibia. Kuna mtu alifungua akaunti yenye picha ya mchungaji na kuwaandikia waumini faraghani akiomba "sadaka ya dharura". Wawili walituma kabla hatujajua. Mfuko ukawafidia, na tangu hapo kila ibada inatanguliwa na tangazo lile lile: kanisa haliombi sadaka kwa ujumbe wa faragha, ukiombwa, mpigie kiongozi wa kikundi chako kwa namba uliyo nayo tayari. Watu wamelikariri, watoto wanalisema kwa kuigiza sauti yangu.

Milango ilipofunguliwa kabisa, wazee walitaka tuzime kamera. Hoja yao ilikuwa nzito: Waebrania 10:25 inasema tusiache kukusanyika pamoja, na wapo wazima wa afya waliogeuza kitanda kuwa benchi. Sikuwa na jibu la kuwashinda hao wa kitandani, na mpaka leo sina. Nilichofanya ni kupeleka orodha ya vikundi na kuomba kila mzee ataje nani tunamfungia mlango. Walianza na bibi yule mjane, ambaye miguu yake haikuwa imepanda ngazi za kanisa kwa miaka mingi kabla hata ya ugonjwa. Wakamtaja muuguzi wa zamu za Jumapili. Walipofika kwenye jina la tisa, mwenyekiti alifunga daftari na kusema tuendelee na ajenda inayofuata.

Mmoja wa wale tisa anaishi nchi nyingine kabisa. Alitupata mtandaoni, akajiunga na kikundi, akaanza kuchangia kidogo kidogo, na hajawahi kukanyaga jengo letu. Kazi yake ni uhasibu. Mwaka jana nilipoomba mtu wa pili wa kulinganisha hesabu za Jumatatu, alijitolea, na kamati ikampitisha baada ya mjadala mrefu kuliko nilivyotarajia. Sasa kila Jumatatu jioni tunafungua mkutano wa video, mimi nasoma daftari, yeye anatia tiki kwenye taarifa ya benki.

Juma lililopita alinisimamisha. "Mhazini, rudia mstari wa kumi na nne." Nikarudia. "Huo umeuandika mara mbili." Nilibisha kidogo, kwa heshima ya cheo. Nikaangalia. Kweli, nilikuwa nimeuandika mara mbili.