Maandishi makubwa, kitufe cha kutuma hakionekani

Kompyuta ya steshenari yetu ilianza vituko: ukifungua fomu ya maombi kwenye Firefox, herufi zinajaa kioo kizima na kitufe cha kutuma kimetokomea kulia. Tovuti nyingine zote ziko sawa, ndiyo maana mwenye duka alishika msimamo kwamba tovuti ndiyo mbovu.

Niliangalia mwisho wa sehemu ya kuandikia anwani. Palikuwa na kialama kidogo: 170%. Mtu alizungusha gurudumu la mausi huku Ctrl imebonyezwa, na Firefox hukumbuka ukuzaji wa kila tovuti peke yake. Kufunga na kufungua upya hakusaidii kitu. Nikabonyeza Ctrl na sifuri, ukurasa ukarudi 100%. (Kukibofya kile kialama chenyewe pia kunarudisha.)

Ila mwenye duka macho yake si ya jana, akasema sasa hasomi kitu. Hapo ndipo palipo na utamu. Bonyeza Alt, menyu itokee juu, ingia View, kisha Zoom, weka tiki kwenye Zoom Text Only. Kuanzia hapo Ctrl na alama ya kujumlisha hukuza maandishi tu. Picha hubaki na ukubwa wake. Tukaishia 133%, kitufe kikaonekana.

Kuna kurasa ambazo visanduku vyake vimepangiwa kimo maalumu, humo maneno hupandana. Kwa hizo toa tiki, ukuze ukurasa mzima.