Kutoka Lugalo Hadi Matema, Nikiifuata Bahari Milimani

Nimezaliwa Mbeya. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na miwili, pale Kivukoni, Dar es Salaam. Shuleni tulikuwa tumeshakaririshwa Kilwa na Sofala, pepo za kusi na kaskazi, Wareno na Waomani, na darasa zima tuliyapokea hayo kama habari za ndugu zetu wa pwani. Watu wa bara tuliingia kwenye historia ile mwishoni kabisa, shingoni tuna minyororo au begani tuna pembe za ndovu. Kadiri nilivyozidi kusoma ukubwani ndivyo picha ile ilivyozidi kunikera. Basi Juni iliyopita nikachukua likizo fupi, nikasafiri kutoka Iringa mpaka Ziwa Nyasa, nikaone mwenyewe bahari ilipanda mpaka wapi huku kwetu, na ilipopanda ilikutana na nani.

Nilianzia Lugalo, kando ya barabara ya kwenda Morogoro. Nilishuka kwenye kosta asubuhi, baridi ya Iringa ikiwa bado imeng'ang'ania vidole. Mama mmoja aliyekuwa akipanga nyanya mezani aliniitikia "kamwene" yangu kwa furaha, akanionyesha njia ya kwenda kwenye mnara.

"Unakwenda kuwaona Wajerumani?" aliuliza.

"Nakwenda kuona walipopigwa, mama."

"Haya, hapo sawa."

Mnara wenyewe waliujenga Wajerumani kuwakumbuka watu wao. Hapa, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa, chifu wao, walikivizia kikosi cha Emil von Zelewski kikipita kwenye vichaka kwa mstari mrefu, wakakivamia kwa mikuki kabla askari wengi hawajawahi kujaza bunduki. Zelewski akafa hapo, pamoja na askari zaidi ya mia mbili.

Nilikaa juu ya jiwe muda mrefu nikiwaza habari za askari hao. Tumezoea kusema "Wajerumani," lakini wengi wao walikuwa Wasudani walioandikishwa Cairo, na wengine walichukuliwa Msumbiji. Hermann von Wissmann ndiye aliyeanza kuwakusanya mwaka 1889 ili kuzima vita vya Abushiri, aliyewaongoza watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Hebu fikiria: watu wa Mto Nile, watu wa kusini ya Zambezi, maofisa kutoka Ujerumani na bunduki za viwandani Ulaya, wote wanashushwa kwenye pwani moja kwa muda mfupi. Jambo hilo lisingewezekana bila meli za mvuke na bila Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869. Zelewski mwenyewe, ambaye Waafrika walimwita Nyundo, mwaka 1888 alikuwa Pangani akiiwakilisha kampuni ya Wajerumani, na ubabe wa siku zile ndio uliowasha moto wa Abushiri. Aliyekufa hapa kichakani alikuwa ameanzia ufukweni.

Na Wahehe nao hawakuwa wamekaa tu wakingoja historia iwafikie. Misafara ya biashara ilikuwa ikipita nchi hizi, na Mkwawa alijua thamani ya njia. Mwenye njia hutoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Akitaka, anaifunga. Wajerumani walipotaka biashara ya bara ishuke bandarini kwao bila kikwazo, kikwazo alikuwa yeye.

Mchana nilikuwa Kalenga, magharibi ya mji. Sitasema mengi juu ya fuvu la Mkwawa. Lipo ndani ya kioo kwenye jumba dogo la makumbusho, na ukilitazama unanyamaza. Ngome ya mawe iliyokuwa hapa ilivunjwa kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894, na mizinga ile ilibebwa na wapagazi tangu pwani, kipande kwa kipande. Mkwawa akapigana porini miaka mingine karibu minne, na tarehe 19 Julai 1898, alipoona wanamkaribia, akajipiga risasi. Kichwa chake kikakatwa, kikavushwa bahari. Mwaka 1919, kwenye Mkataba wa Versailles uliopanga mambo ya mataifa makubwa, kikaandikiwa kifungu chake, cha 246, kwamba Ujerumani ikirudishe. Kilirudi mwaka 1954, mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, akakipokea hapa Kalenga.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nje kwenye kivuli alinitazama nikitoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umemwona?"

"Nimemwona."

"Bahari ilimchukua, bahari ikamrudisha," alisema, kisha akaniuliza kwetu ni wapi.

Njiani kurudi mjini nilikuwa nikiwaza nguo. Karne ya 19, ukiingia nchi hizi na msafara, fedha yako ilikuwa merikani, kaniki na ushanga. Merikani ni kitambaa cheupe cha pamba kilichofumwa Marekani na kuletwa Zanzibar na meli za Salem, bandari ya hukohuko, ndiyo asili ya jina lake. Kaniki ilitoka India, na ushanga mwingi Venice. Ushanga ulikuwa na mambo yake: rangi iliyopendwa nchi hii ingeweza kukataliwa nchi ya jirani, na mfanyabiashara aliyekosea kuchagua alifika bara na mizigo isiyonunuliwa. Ndiyo kusema mafundi wa Venice walikuwa wakifuata matakwa ya wanawake na wanaume wa bara la Afrika ambao hawakuwahi kuwaona. Pembe nazo zikateremka, zikaenda Bombay kuwa bangili na Connecticut kuwa vibao vya piano. Na pamoja na pembe waliteremshwa watu. Hilo haliwezi kupakwa rangi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini misafara haikukoma siku ile.

Kesho yake nilipanda basi la Mbeya. Tulisimama Makambako, nikanywa chai ya maziwa karibu na dereva wa lori aliyekuwa anatoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi. Alikuwa amebeba salfa ya kutengenezea tindikali huko migodini. Akirudi atabeba shaba. Nikamuuliza safari yote huchukua muda gani. Akacheka. "Uliza Tunduma, dada. Foleni ya Tunduma ndiyo inayopanga." Barabara yetu yote hii, pamoja na gesti, mama lishe na mafundi wa matairi, inaishi kwa pumzi ya bandari. Meli zikichelewa gatini, Makambako itajua.

Hata reli ya TAZARA, inayopita hapohapo, ilizaliwa na kiu ya bahari. Zambia haina pwani. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, shaba ya Zambia, iliyokuwa ikipita kusini, ikawa mikononi mwa adui. Likachimbiwa bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likaanza kazi mwaka 1968. Kisha China ikatoa mkopo usio na riba, na kati ya mwaka 1970 na 1975 zikatandikwa kilometa 1,860 za reli hadi Kapiri Mposhi. Baba yangu alikuwa kijana siku hizo, na mpaka leo akisikia honi ya treni pale Mbeya husimamisha mazungumzo.

Nilishuka Rujewa kwa sababu moja: Wabaluchi. Pwani wakiitwa Mabulushi. Asili yao ni Makrani, ufuko mkavu kati ya Iran na Pakistani ya leo, na masultani wa Oman na Zanzibar waliwatumia sana kama askari. Baadhi yao walipanda na biashara hadi Usangu, nchi ya akina Merere, machifu wa Wasangu, wakakaa. Kwenye duka moja la vipuri nilizungumza na mzee wa ukoo huo, ndevu zimetengenezwa vizuri, Kiswahili chake ni cha Usangu mtupu.

"Wewe ni Mbaluchi au Msangu?" nilimuuliza, kisha nikaona haya kwa kuuliza hivyo.

Hakukasirika. "Nyumbani tunakula wali, na wali huu wazee wetu walikuwa kati ya watu wa mwanzo kuumwagilia hapa. Mama yangu alikuwa Msangu. Sasa niambie wewe."

Alinipa kopo la maji ya kunywa, akanionyesha kwa kidole upande yalipo majaruba. Mpunga wenyewe unatoka Asia, ulivuka Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote. Watu hawa na chakula hiki walitoka ng'ambo ileile, wakakutana tena kwenye tambarare ya Usangu, mamia ya kilometa kutoka maji ya chumvi. Nilisafiri mchana mzima kwa ajili ya jibu la yule mzee, na ningesafiri tena.

Mbeya nililala kwetu tu. Asubuhi nikapanda gari la Kyela.

Ukianza kuteremka kuelekea Tukuyu, kijani kinakufunga pande zote: chai, migomba, parachichi. Mgomba ni wa Asia ya Kusini Mashariki. Mahindi ni ya Amerika, yakaja na majahazi ya Wareno. Mmishonari naye alifika huku kwa maji. Wamoravian walioanzisha kituo cha Rungwe mwaka 1891 hawakupandia Dar es Salaam. Waliingia mdomo wa Zambezi, wakafuata mto Shire, wakavuka ziwa kwa meli. Tukuyu yenyewe Wajerumani waliiita Neu-Langenburg. Unyakyusa, kwa muda ule, mlango wake wa kwenda duniani ulikuwa kusini.

Mlango huo ni Ziwa Nyasa, na nilifika Matema jioni kwa gari lililopitia Ipinda, vumbi mpaka kwenye kope. Milima ya Livingstone inaangukia majini kama ukuta. Maji haya hutoka kwa Shire hadi Zambezi hadi Bahari ya Hindi, ila maporomoko ya Shire yanazuia chombo kupanda. Ndiyo maana meli zililetwa vipandevipande, zikapitishwa mabegani mwa wapagazi, kisha zikaunganishwa. Ilala ya Waskoti ilifika hivyo mwaka 1875. Meli ya Wajerumani iliyopewa jina la Wissmann, mtu yuleyule aliyekusanya askari pwani, iliingia majini mwaka 1893. Agosti 13, 1914, Waingereza waliokuwa kwenye meli yao Gwendolen waliikuta imepandishwa kutengenezwa pale Liuli, wakaipiga mzinga. Nahodha wake alikuwa bado hajapata habari kwamba vita imeanza. Shambulio hilo mara nyingi hutajwa kuwa la kwanza la majini katika vita ile kuu.

Asubuhi ilikuwa Jumamosi, siku ya soko. Mitumbwi ilikuwa inaingia kutoka Ikombe, imejaa vyungu vya akina mama wa Kikisi, vimepangwa kwa nyasi katikati visigongane. Vyungu hivi vimepikiwa nyanda za juu zote; bibi yangu kule Mbeya alikuwa nacho cha maharage, na hakuruhusu mtu akitumie kwa kitu kingine.

"Ugonile, mama," nilimwamkia mmoja aliyekuwa bado ndani ya maji hadi magotini.

Akaniitikia, akaniuliza ninataka cha mboga au cha maji. Nikasema cha maharage. Akachagua kimoja, akakigonga kwa kidole cha kati, akasikiliza, akakirudisha. Akachukua kingine, akagonga, akasikiliza tena.

"Hiki," alisema, akanikabidhi kikiwa bado kinachuruzika maji ya ziwa.