Nilivyokipata Kihispania kwa njia ya Kiswahili

Kazi yangu ni kutembeza wageni kwenye mashamba ya viungo, Kizimbani na Kidichi, hapa Unguja. Kiingereza ninacho, na Kiitaliano cha kuombea maji ninacho pia, kama wenzangu wengi. Kihispania sikuwa nacho. Kila ukifika mwezi wa Agosti, Wahispania wakija likizo, nilikuwa nachuma karafuu mbichi, naifikicha kiganjani, nawanusisha, kisha maneno yananiishia. Maelezo yote yanapita kwa mgeni mmoja anayejua Kiingereza kidogo, na akitafsiri yeye naona nusu ya shamba imebaki njiani. Miti ile naijua mmoja mmoja tangu utotoni. Iliniuma.

Nilianza na programu ya simu. Masomo yote niliyoyakuta yalimchukulia mwanafunzi kuwa anatoka kwenye Kiingereza. Miezi saba nikaunganisha picha na maneno, alama zangu zikapanda, lakini mgeni akiniuliza swali moja tu, kichwani mwangu lilipita Kiingereza kwanza, ndipo Kiswahili, kisha jibu likarudi njia ile ile. Likifika mdomoni, mgeni keshasogea mti wa pili.

Aliyenitoa hapo ni ami yangu, na Kihispania hajui hata neno. Amepiga udi kwenye taarabu zaidi ya miaka 30. Magharibi moja alinikuta barazani kwetu Bububu nikikariri orodha ya maneno, akaniuliza: "Mwanangu, nyimbo zao umeshazisikiliza?" Nikamwambia nitazisikiliza nikishaelewa.

"Hapo ndipo unapokwenda kinyume," akasema. "Sisi nyimbo za Kimisri tulizishika redioni kwanza, na pumzi zake na mikato yake. Maana ikaja nyuma." Halafu akanionesha udi wake. Wahispania nao wana ala wanayoiita "laúd", na jina hilo limetoka kwenye Kiarabu, al-ud. Ni ndugu wa udi huu.

Basi nikatafuta bolero za Kuba na Meksiko. Bolero ni nyimbo za taratibu, kila silabi inakaa mahali pake, na mwimbaji hana haraka. Nilijiwekea utaratibu: wimbo mmoja kwa wiki mbili. Siku tatu za mwanzo nasikiliza tu, bila ya kusoma chochote. Siku ya nne naandika ninachokisikia kwa herufi zetu za Kiswahili. Ndipo natafuta maneno yenyewe mtandaoni na kulinganisha.

Ulinganisho wa kwanza ulinishangaza. Karibu nusu ya mistari nilikuwa nimeiandika sawasawa bila ya kujua maana yake. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, kama zetu. Mkazo nao, kwa neno linaloishia kwa irabu, kwa kawaida hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, pale pale tunapoweka sisi. Ikiwa mkazo umehama, wanaweka alama juu ya herufi, hawakuachi ubahatishe. Herufi yao ñ ni "ny" ya nyumba. Yale makosa yangu pia yalikuwa na maana: "nada" niliandika "nadha", na kweli d yao katikati ya irabu hulainika ikakaribia dh ya dhahabu. J yao inakaribia kh ya kheri. Nilipofungua redio ya taifa ya Hispania mtandaoni, nikasikia "gracias" inatamkwa kwa th ya thelathini. Sauti ambazo wageni wengine huhangaika nazo, mimi nilipewa kwenye chuo cha Kurani nikiwa na miaka sita, na bakora juu.

Iliyonishinda muda mrefu ni rr. "Pero" ni lakini, "perro" ni mbwa, na sikio langu halikuona tofauti. Hii niliisumbukia kwa kujirekodi kwenye simu, ndani ya daladala asubuhi, hadi abiria wa njia ya 502 wakanizoea.

Mashairi niliyoyahifadhi ndiyo yaliyonifungulia sarufi. Nilinunua daftari, nikapiga mstari katikati: upande mmoja Kihispania, upande wa pili Kiswahili. Kiingereza nikakikataza kabisa kuingia. Pale ndipo mambo niliyokuwa nikiyaogopa yalipoanza kunyooka.

Chukua "ser" na "estar", vitenzi vyao viwili vya "kuwa". Kwa Kiingereza vyote viwili ni neno moja, na wanafunzi hukaa miaka wakikosea. Kwetu vimeshatenganishwa. "Es maestro" ni mwalimu. "Está en casa" yuko nyumbani. "Está cansado" amechoka, "está sentado" amekaa. Pale tunaposema "ni", mara nyingi wao husema "es". Pale tunaposema "yuko" au "ame-", wao husema "está". Haifuati kila mahali, lakini ilinitosha kufungua mdomo bila ya kusimama kufikiri. "Me gusta la música", sentensi inayowatesa watu, ni "muziki unanipendeza", wala haina tabu yoyote. "Te espero", nakungoja: ile "te" inakaa mbele ya kitenzi kama "ku" yetu.

Na lililonifanya niamke usiku kuliandika ni hili. Kwa Kihispania "canta" ni anaimba. Lakini ukitaka mtu aimbe, unasema "quiero que cante". A imegeuka e. Anaimba, nataka aimbe. "Habla", anasema, "que hable", aseme. Vitenzi vyao vya -ar, ambavyo ndivyo vingi zaidi, vinafanya hivi. Vile vya -er na -ir hugeuka kinyume, e ikawa a, lakini wazo ni lile lile: jambo lililopo lina sura yake, na jambo linaloombwa au kutakiwa lina sura nyingine. Nilikaa kitandani nikitamka jozi hizo moja moja, na sikuwa nikitafsiri tena.

Maneno nayo yakaanza kujitambulisha. Waarabu na Waberberi waliingia Hispania mwaka 711, na ufalme wa mwisho wa Kiislamu, Granada, ulianguka mwaka 1492. Kiarabu kikaacha maneno mengi huko, kama kilivyoacha kwetu. Ndiyo maana sukari ni "azúcar", zafarani ni "azafrán", zaituni ni "aceituna", na "hasta" wanayoagia nayo ni ndugu wa "hata" yetu. Meza na bendera sisi tulizichukua kwa Wareno, na Wahispania wana "mesa" na "bandera". Lakini tahadhari: "tarifa" ni ndugu wa taarifa, ila kwao ni orodha ya bei. Na karafuu, tunu yetu, wanaiita "clavo", neno lile lile la msumari. Siku hizi nikiiweka kiganjani mwa mgeni namuuliza kwa nini, na anakiangalia kile kichwa na ule mguu wake kama anaiona mara ya kwanza.

Kwa mazungumzo nilipata mwalimu mstaafu wa Valencia, kupitia programu ya kubadilishana lugha. Nusu saa Kihispania, nusu saa Kiswahili, Jumanne na Ijumaa. Bando lilikuwa ghali kwangu, kwa hiyo siku nyingine tulitumiana sauti tu kwa WhatsApp. Kamusi ya Chuo cha Lugha cha Hispania iko wazi mtandaoni bila ya malipo, nayo imenifaa kuliko programu zote, kwa sababu inaeleza Kihispania kwa Kihispania.

Kosa moja liligharimu. Niliwaambia wageni nitawachukua "a las dos", na kichwani mwangu ilikuwa saa mbili asubuhi. Kwao ile ni saa nane mchana. Nilingoja mlangoni mwa hoteli, wao wamelala, na ratiba ya siku nzima ikavunjika. Tangu hapo naongeza sita kabla ya kutaja saa ya asubuhi, kisha narudia kwa vidole.

Mwaka wa tatu kampuni ninayofanyia kazi ikanipeleka kwenye maonesho ya utalii ya Madrid, yanayofanywa Januari. Nilivuka Dar mara mbili kwa ajili ya viza. Madrid nilifanya kazi siku tano kwa Kihispania, na baridi sitaisahau. Zilipomalizika nikapanda basi hadi Granada. Huko watu wanameza s mwisho wa neno, "más" inakuwa "ma", lakini sikutishika, maana waimbaji wa Kuba walinizoesha.

Ndani ya Alhambra, kasri la wafalme wa Kiislamu wa Granada, kuta zimejaa maandishi ya Kiarabu, na msemo mmoja unarudiwa kila upande. Mzee mmoja wa Kihispania na mkewe walisimama karibu yangu. Bibi yule akamuuliza mumewe pameandikwa nini, mume akatikisa kichwa. Nikawaomba radhi, nikasoma kama nilivyofundishwa chuoni: wa la ghaliba illa Allah. Kisha nikasema, "No hay vencedor sino Dios." Hapana mshindi ila Mungu.

Yule bibi akanishika mkono, akaniomba nisome tena polepole. Tulizunguka pamoja saa nzima, wao wakinieleza majina ya miti ya bustanini, mimi nikiwasomea kuta. Akaniuliza Kihispania nimejifunza skuli gani. Nikamweleza habari za ami na udi wake, na nilipokuwa katikati ya hadithi nikagundua kwamba nimesema "quería que yo cantara", alitaka niimbe, umbo la wakati uliopita ambalo sikuwahi kulisoma kwenye somo lolote. Lilikuwa limetoka kwenye bolero.