Mkasi niliompelekea daktari

Mimi ni mshoni. Charahani yangu iko kwenye kibanda jirani na soko la Wete, na mkono huu wa kulia ndio uliosomesha wanangu wawili. Natanguliza hilo kwa sababu barua niliyoletewa na kampuni ya bima, ukurasa mmoja wa Kiingereza, ilisema ninaweza kufanya "kazi nyepesi", kwa hivyo hawanilipi.

Niliumia mwezi wa Shaaban. Bodaboda niliyopanda nikitoka Konde iliingia shimoni, nikaangukia kiganja, kifundo cha mkono kikavunjika. Mshoni yeyote wa Pemba anaijua Shaaban. Mwezi haujaandama, lakini vitambaa vya sikukuu vimeshaanza kuletwa, mama anakuja na mabinti wanne wapimwe kwa pamoja, na kila mtu anataka ahadi kwamba nguo itakuwa tayari kabla ya ishirini na saba. Ramadhani ndiyo inayonilipia kodi ya kibanda mpaka mfunguo sita. Mwaka ule niliipitisha nimefungwa plasta, naangalia vitambaa vya watu vikirudishwa kimoja kimoja.

Bima nilikuwa nayo. Wakala alitufuata kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, akatueleza bima ya ajali binafsi: ukiumia ukashindwa kazi, unalipwa kila wiki mpaka upone, kwa idadi ya wiki iliyoandikwa kwenye mkataba. Mama mkubwa alinikataza, akataka ningoje takaful, bima ya kufuata sharia ya Kiislamu. Wakati ule takaful ilikuwa bado haijatufikia, nami nina watoto, nikaikata bima ya wakala. Nililipa kila mwaka bila kuchelewa hata siku moja.

Barua ya kukataliwa ilipokuja niliikunja nikaitia kabatini. Siku mbili sikumwambia mtu. Niliona haya, kama kwamba nimekamatwa nikiomba kisicho changu. Siku ya tatu, baada ya alasiri, mtoto wa kaka yangu alipita barazani, nikampa aisome. Akaniomba na mkataba wenyewe. Akaviweka magotini, kidole kimoja huku, kimoja kule.

"Shangazi, mkataba unasema umeshindwa kufanya kazi yako ya kawaida. Barua inasema unaweza kufanya kazi yoyote nyepesi. Haya si mamoja."

Nikamwambia asome tena. Akasoma. Kazi yako. Kazi yoyote. Mimi nilikuwa nimeandaa kuwaeleza maumivu, namna ninavyolala nimeuweka mkono juu ya mto, namna nisivyoweza kusonga ugali. Hayo hayakuwa na nafasi katika barua ile. Wao walikuwa na sababu mbili tu: hiyo ya kazi nyepesi, na nyengine kwamba sikuthibitisha kipato. Basi nikaazimia kujibu hizo mbili, na chengine nisiongeze.

"Kazi nyepesi" ilitoka kwenye ripoti ya daktari wangu mwenyewe. Hakuwa na nia mbaya. Plasta ilipotolewa aliandika kwamba nisinyanyue vizito, nifanye kazi nyepesi, na kampuni ikayashika maneno hayo. Nikarudi kwake. Mkobani nilichukua mkasi wangu wa kukatia, ule wa chuma wenye mipini myeusi, na kipande cha kitambaa cha suruali za skuli nilichokikunja mara nne, maana sisi hatukati kitambaa kimoja kimoja.

Nikamwambia, "Daktari, kushona ni kazi nyepesi?" Akasema ndiyo, si mtu amekaa tu. Nikatoa mkasi nikauweka juu ya meza yake. Nikaingiza kidole gumba, kikaingia. Nikaufungua, ukafunguka. Nilipoufunga juu ya kitambaa, haukukata. Ulikitafuna tu, kitambaa kikajikunja katikati ya makali, mkono ukaanza kutetemeka, na mkasi ukaniponyoka ukagonga meza. Muuguzi alichungulia mlangoni kuona kuna nini.

Daktari akauchukua akaupima uzito kiganjani. Akaniuliza kwa siku nakata saa ngapi, sindano naishika kwa vidole vipi, kitambaa nakiongoza kwa mkono gani. Akaandika barua upya: kwa kazi yake ya ushoni hawezi kukata kwa mkasi, hawezi kushika sindano kwa muda, hawezi kuongoza kitambaa kwenye charahani, apimwe tena baada ya wiki nane. Neno "nyepesi" halikuwemo. Nilitoka pale nalia, na sikuwa na uchungu.

Kipato kilikuwa na mlolongo wake. Wao walitaka karatasi ya mshahara na taarifa ya benki. Mshoni wa Wete anaipata wapi karatasi ya mshahara? Nilichokuwa nacho ni madaftari ya vipimo. Kila ukurasa una jina, bega, kifua, kiuno, urefu, na chini yake: ametanguliza kiasi gani, amebakisha kiasi gani, amechukua lini. Tulikaa usiku tatu na mtoto wa kaka yangu tukijumlisha madaftari ya miaka miwili. Juu yake tukaweka leseni ya biashara ya Baraza la Mji, inayosema kazi yangu ni ushoni, miamala ya pesa za simu, risiti za nyuzi na vitambaa, barua ya skuli moja ninayoishonea sare, na barua ya sheha. Sheha hakunitaka maelezo marefu. Kanzu aliyovaa siku ile niliishona mimi.

Tawi la huku liliniambia faili liko Unguja. Nikapanda boti Mkoani, nikateremka Malindi, nikaenda mwenyewe. Barua nilipeleka nakala mbili: moja yao, moja nikawaomba waigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kijana wa mapokezi alisema haina haja. Nikamwambia, mwanangu, nimevuka bahari, nigongee. Akagonga.

Wiki tatu kimya. Nikaenda ofisi ya TIRA ya hapa Zanzibar, maana mamlaka hiyo inasimamia bima Bara na Visiwani. Wakanisikiliza vizuri. Swali lao la mwanzo lilikuwa kama nimeshailalamikia kampuni kwa maandishi, nikawatolea nakala yenye muhuri. Wakanieleza pia kwamba yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya 2009, kwa ajili ya watu waliokwisha kuandikiana na kampuni zao wasifikie mwafaka. Mie miaka yote nalipa bima, jina hilo nilikuwa sijalisikia.

Siku chache baadaye kampuni ikanipigia. Wamekubali wiki za plasta na wiki nne za baada yake, kwa kipato cha kwenye madaftari. Pesa iliingia Alkhamisi. Kabla ya kitu chochote niliwalipa mabinti wawili wanaonisaidia kibandani, waliokuwa wakija kila siku kwa miezi kadhaa bila kuniuliza neno.

Kikundini wamejitokeza wenzangu wawili waliokataliwa kama mimi, wakasema ni kadari, wakanyamaza. Kuvunjika mkono nimekubali ni kadari. Barua ile iliandikwa na mtu, na mtu hujibiwa. Nimewaambia walete barua zao na mikataba yao, tukae tuzisome pamoja Jumapili.

Wiki nne zilizobaki katika zile nane za daktari kampuni bado imezikataa, na faili nimelipeleka kwa Msuluhishi. Wametaka barua ya daktari baada ya kupimwa mara ya pili. Miadi yangu ni Jumatatu, na mkasi naenda nao.